Hisa za Mfunguo Saba

Enyi watu wa Vitongoji, na nyinyi wa Chake na Wesha mtakaosomewa maneno haya, nakuombeni mtulie. Mimi ni Mwanamize, dada yake Moza. Nitasema ya nyumba ya mdogo wangu bila kumficha mtu, na mwenye kununa anune. Nami mwenyewe nimo katika kosa hili, mtaona nilipoingia.

Mwaka wa 1960 nyumba ile ilikuwa na raha. Hamad bin Jaribu, mume wa Moza, alikuwa amerudi moja kwa moja kutoka Tanga, alikofanya kazi ya ukuli bandarini miaka saba, akija kwao mara moja tu kwa mwaka kufunga Ramadhani. Sasa alikuwa nyumbani. Asubuhi alisuka dema zake za kuvulia samaki uani, Moza akikaa karibu naye na ukili wake wa mikeka, sufuria ya muhogo jikoni, na ukipita njiani unawasikia wanacheka. Moza alikuwa na mali yake mwenyewe, mikarafuu thelathini iliyokuwa njia ya Wesha, aliyorithi kwa bibi yetu. Mikarafuu ile ndiyo iliyomvisha na kumlisha miaka yote mumewe alipokuwa Tanga. Nakwambieni mapema, mikarafuu hiyo ndiyo iliyoponza nyumba.

Siku moja Hamad alifungua sanduku la marehemu baba yake kutafuta kanzu ya kuvaa harusini, akakutana na daftari. Kanzu akaisahau. Nilikuwepo nimekwenda kuomba chumvi. Nilimwona anakaa chini, anafungua kurasa, na uso wake unabadilika mbele yetu.

"Hii n'nini, Hamad?" Moza akamwuliza.

"Hii ni damu ya mama yangu," akajibu.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo, la sivyo hamtaelewa.

Palikuwa na kampuni Wesha, ya kukamua mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Kampuni iliuza hisa, na Mzee Jaribu, baba yake Hamad, alikuwa na hisa sitini. Mwenye hisa ni mwenye kipande cha kampuni. Kampuni ikipata faida, mwisho wa mwaka humpa gawio lake. Na hisa yenyewe ukitaka unaiuza, leo kwa bei hii, kesho kwa bei nyengine. Kampuni ilikuwa na ofisi ya hisa pale mjini Chake, na bei ikiandikwa kwa chaki kwenye ubao ukutani. Mzee Jaribu alikuwa mtu wa chuo, anaandika kwa herufi za Kiarabu na kuhesabu siku zake kwa mwezi unaoandama kama wazee wote. Kila mwezi akiandika bei kwenye daftari lake. Miaka miwili aliandika, halafu akafa, mwaka wa 1953.

Mkewe, Bi Mwatum, akaingia eda. Mnajua mke aliyefiwa anavyokaa eda, miezi minne na siku kumi ndani, kwa nguo nyeupe, hatoki. Bi Mwatum hakuweza kwenda Chake kuutazama ubao. Akaja Bakar, wakati Hamad yuko pwani. Huyu Bakar ni mtoto wa ami yake Hamad, ana duka Wesha na mashamba, mtu wa kutabasamu. Alikuja kuhani, kumpa pole ya msiba, akakaa mlangoni nyuma ya pazia, akamwambia mjane: "Bi mkubwa, hisa za marehemu zimeshuka mpaka shilingi tisa, na zitazidi. Kampuni inakufa ile. Mimi kwa udugu tu nitazichukua kwa hiyo tisa, japo ni hasara kwangu."

Bei ya shilingi tisa ilikuwa kweli. Hilo la kampuni kufa lilikuwa uongo mtupu. Ilikuwa mwezi wa Mfunguo Nne, mwezi wa nne tangu kumalizika Ramadhani. Bi Mwatum akatia dole gumba. Ilipofika Mfunguo Saba, miezi mitatu tu, bado yumo ndani ya eda yake, Bakar akauza hisa zile zile kwa shilingi kumi na tisa. Bi Mwatum alipotoka eda akaambiwa na wanawake kisimani. Lo! Yule mama hakurudi kuwa mtu tena. Homa ilimchukua mwaka uliofuata, na neno lake la mwisho nililisikia kwa masikio yangu: "Bakar kanifanya mjinga nikiwa na nguo nyeupe mwilini." Bi Mwatum ndiye aliyenilea mimi utotoni. Nilimchukia Bakar, na sioni haya kulisema.

Basi katika daftari lile, chini ya maandishi ya baba, Hamad alikuwa ameandika kwa mkono wake ule mwaka wa tatu, kabla ya kwenda Tanga. Akatuonyesha siku ile. Mwaka wa kwanza, bei ilikuwa chini Mfunguo Nne, juu Mfunguo Saba. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, ule wa mama yake, tisa Mfunguo Nne na kumi na tisa Mfunguo Saba.

"Mnaona?" akasema. "Bei ina miezi yake, kama futari ilivyo na mwezi wake. Mwezi huu ni Mfunguo Tatu. Bakar siku hizi ana hisa nyingi tena; mwezi ujao nakwenda kwake, nazichukua zikiwa chini. Mfunguo Saba nitaziuza mbele ya duka lake, watu wakiona, na nitamwambia: hii ni bei ya mama yangu."

Wallahi nilisisimka. Nilimwona Bakar amesimama pale dukani mdomo wazi, na moyo wangu ukafurahi.

Hamad alikwenda Chake kuangalia ubao. Karani wa ofisi ile alikuwa Ame, kijana mtaratibu mwenye miwani, na ndiye aliyenisimulia baadaye maneno waliyosemezana.

"Bei ni kumi na tatu leo," Ame alimwambia. "Lakini kama unataka kununua, kaa kwanza. Kitabu cha bei za miaka yote hiki hapa, toka kampuni ilipoanza. Kukisoma hakuna malipo."

"N'nacho changu, cha baba."

"Kimeishia lini?"

"Mwaka aliokufa."

"Bwana we, hiyo ni miaka saba! Kitu cha miaka saba utakitegemeaje bila ya kuona yaliyofuata? Na utazame kwa nini bei ilipanda, si kwamba ilipanda tu."

"Nimeshaona ninachokitaka," Hamad akasema, akaondoka. Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa. Hakukaa hata kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Hamad alikuwa na shilingi mia sita alizozileta Tanga. Alitaka hisa mia tatu, na hizo kwa kumi na tatu ni shilingi elfu tatu na mia tisa. Akamgeukia mkewe. Alitaka mikarafuu iwe dhamana ya kilichobaki.

Moza hakukataa hapo hapo. Moza ni mtu wa kufikiri kwanza, na akishafikiri anasema kidogo. Alisema: "Mume wangu, mwaka aliokufa mkwe, wachumaji walikuwa juu ya mikarafuu Mfunguo Nne. Nakumbuka, kwani tulimpelekea Bi Mwatum chakula ndani mikono yetu inanuka karafuu. Sasa Mfunguo Nne hiyo inaingia, na karafuu hata kutokeza bado."

"Karafuu na hisa wapi na wapi?" Hamad akamkata.

"Kampuni inakamua makonyo. Makonyo yanatoka wapi?"

Mnalisikia swali hilo? Lilikuwa ndilo swali lenyewe! Karani mwenye miwani na mwanamke asiyewahi kushika hisa walisema jambo moja. Na mimi, badala ya kulishika, nilifanya nini? Nilimkemea mdogo wangu. Nilimwambia: "Nyamaza weye, Moza. Mume wako anakwenda kumlipia mama yake. Ungekuwa na damu mwilini ungetia dole bila ya kuulizwa." Moza akanitazama mimi, si mumewe. Halafu akasema haya, atatia. Hapo ndipo nilipoingia mimi katika kosa.

Tarehe tano ya Mfunguo Nne tulikwenda Wesha. Bakar alikuwa barazani kwa duka lake. Aliijua mikarafuu ya Moza vizuri, imepakana na shamba lake, na siku nyingi alikuwa akiitolea macho. Mzee Duni, jirani yake, aliitwa kuwa shahidi. Wakaandikiana, Moza akatia dole lake. Hamad akatoa mia sita. Hisa mia tatu zikawekwa kando kwa jina lake. Shilingi elfu tatu na mia tatu zilizobaki atalipa kwa muda watakaokubaliana. Asipolipa, hisa zinarudi kwa Bakar na mikarafuu inakuwa yake. Sharti hilo la mwisho alilitoa Hamad mwenyewe, ili Bakar apate tamaa.

Walipofika kwenye muda, Bakar akasema: "Mtoto wa ami yangu, usijibane. Chukua mpaka Shaabani. Mimi na weye hatuna haja ya kukimbizana."

Hadi leo sijui kama alikuwa anausafisha moyo wake au anajionyesha mbele ya Mzee Duni. Lakini alilisema, na sote tulilisikia. Shaabani ilikuwa bado miezi saba!

Hamad akasimama. "Mfunguo Saba," akasema. "Siku ya mwisho ya Mfunguo Saba."

"Kwa nini Mfunguo Saba?" Mzee Duni akauliza. "Mtu anakupa muda, weye unaukataa?"

"Bakar anajua kwa nini."

Bakar akainama kama anatafuta kalamu, na kalamu iko mkononi mwake. Nami nilikuwa nyuma ya Hamad nimejifunika buibui, natabasamu kwa kiburi. Tukarudi Vitongoji kama watu waliotoka vitani wameshinda.

Basi kila Jumatatu Hamad akaenda Chake kutazama ubao. Mfunguo Tano bei ikawa kumi na mbili. Akacheka, akasema lazima ishuke kwanza ndipo iruke. Mfunguo Sita ikawa kumi. Maulidi yakasomwa kila mtaa, Hamad akaenda akakaa, na pilau hakuigusa. Akirudi nyumbani hazungumzi. Dema zake zikakaa uani bila kutiwa majini, Moza akawa anakwenda pwani mwenyewe kuokota chaza ili wapate kitoweo. Mkewe akimwambia neno, anamjibu kwa ukali. Kila jambo alilipeleka kwa Bakar. Mvua isiponyesha, Bakar. Muhogo ukioza, Bakar. Nilianza kuogopa, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshasema mengi, nikaona haya kuugeuza.

Mfunguo Saba ikaandama. Mikarafuu ikawa imeiva vichwa vyekundu, wachumaji wamejaa mashambani, na bei ya hisa ikashuka mpaka tisa. Bado siku kumi mwezi uishe. Moza hakumwambia mtu. Alivaa, akatembea kwa miguu mpaka Chake, akaingia ofisini kwa Ame akamwambia: "Mwanangu, nisomee kitabu kile. Chote."

Ame akamsomea, mwaka baada ya mwaka. Na Moza alikwenda na kipande cha kamba ya ukili, akipiga fundo kila mwaka pale bei ilipokuwa chini na pale ilipokuwa juu. Akakuta nini? Kila mwaka bei inashuka wakati wa kuchuma, kwa sababu wenye mashamba wanauza hisa zao wapate kuwalipa wachumaji. Wauzaji wengi, wanunuzi hakuna. Na kila mwaka inapanda Desemba, kwa sababu gawio hutolewa mwisho wa Desemba, na kila mtu anataka kuwa na hisa siku hiyo. Kampuni inakwenda kwa kalenda ya Kizungu na kwa karafuu. Daftari la Mzee Jaribu lilikwenda kwa mwezi mwandamo. Na mwezi mwandamo, nani asiyejua, unatangulia majira siku kumi, kumi na moja kila mwaka. Ile miaka mitatu ya daftari, Desemba iliangukia Mfunguo Saba. Miaka saba baadaye, Desemba imeangukia Rajabu!

Alirudi mbio, vumbi mpaka magotini. Nilikuwa uani kwao nachambua karafuu.

"Hamad," alisema kabla ya kukaa, "Ramadhani ya mwaka aliokufa baba yako tulifunga wakati gani?"

"Wakati gani? Ramadhani ni Ramadhani."

"Tulifunga na mvua za masika zinamalizikia. Mwaka huu tumefunga juani, masika hayajaanza. Ramadhani imesogea, au haikusogea?"

Akamweleza yote, na fundo zake mkononi. Nilimwona Hamad anafahamu. Wallahi alifahamu! Alichukua daftari la baba yake, akalitazama, akakaa kitako juu ya jamvi la karafuu.

"Bei itapanda," Moza akamwambia, sasa anambembeleza. "Hukukosea kwamba itapanda. Umekosea mwezi tu. Nenda kwa Bakar leo, mwambie akupe mpaka Shaabani. Alikupa mwenyewe, Mzee Duni shahidi. Rajabu utauza, utalipa, utabakiwa na faida, na mikarafuu yangu itarudi."

Kuku wakawa wanaparura karafuu na hakuna aliyewafukuza.

"Niende kwa Bakar," Hamad akasema taratibu, "nikamwombe."

"Ndiyo."

"Nikasimame kwenye baraza ile ile niseme tafadhali Bakar."

"Hamad, ni maneno tu! Utayasema mara moja."

"Ng'o. Bora nife njaa."

"Hutakufa weye peke yako," Moza akasema. "Mikarafuu ni yangu."

Nikajitia mimi, nikamsihi, nikamwambia shemegi, mimi ndiye niliyekuchochea, sasa nakwambia acha. Akanijibu: "Bi Mwanamize, mama yangu alikulea. Leo umemsahau?" Akaingia ndani akafunga mlango. Siku kumi alikaa nyumba hii hii, na njia ya Wesha iko hapo mbele yake, hakwenda. Moza alitaka kwenda mwenyewe, Hamad akamwapia kuwa akikanyaga Wesha kabla ya siku hiyo, basi si mke wake. Mwanamke ataonewa mara ngapi na watu wanaosema wanampenda?

Siku ya mwisho ya Mfunguo Saba ubao ulisema shilingi nane. Chini hata ya bei ya Bi Mwatum. Angeuza hisa zote mia tatu asingefika kwenye deni, na wa kununua hakuwepo. Ame alisema ana watu ishirini wanaouza na hana hata mmoja anayenunua. Hisa zikarudi kwa Bakar. Mikarafuu thelathini ikawa ya Bakar, na karafuu zake mtini.

Moza alitia kikapu kichwani akaenda kuomba kibarua cha kuchuma. Alichuma mikarafuu ya bibi yetu kwa ujira wa kila pishi anayojaza, kama mgeni. Nilikwenda naye kwa sababu nisingeweza kukaa nyumbani. Siku ya tatu Bakar alipita kukagua, Moza akateremka mtini akasimama mbele yake.

"Sikuja kukuomba, Bwana Bakar," alisema. "Nimekuja kukuuliza. Yule mama wa nguo nyeupe, unapolala humwoni?"

Bakar aliufuta uso kwa kilemba chake. Akasema: "Karafuu za msimu huu ni zangu, ndiyo mapatano yetu. Mikarafuu ya upande wa mashariki, kumi na mitano, nitakuandikia irudi kwako mwaka mpya wa Kizungu ukiingia. Lakini mumeo asijue mpaka niandike. Akija kunipigia kelele dukani kwangu hata neno moja, nimevunja."

Moza akakubali, nami nikaapa kufunga mdomo. Tulinyamaza miezi miwili. Moza alianza tena kuimba akichuma, kwa sauti ndogo. Nusu ya mali yake inarudi, na hakuna aliyejua ila sisi watatu.

Rajabu ikaingia. Desemba inamalizika. Bei ya hisa ikawa kumi na tano, ikawa kumi na tisa, na Ijumaa ya tarehe thelathini ubao ukasema ishirini na nne. Bakar aliuza zile hisa mia tatu zote asubuhi hiyo. Habari ilimfikia Hamad akiwa njiani kwenda msikitini. Kwa bei ile angekuwa na shilingi elfu saba na mia mbili. Mwenye kumpa habari alikuwa anacheka tu, hakujua anachokifanya.

Hamad hakuingia msikitini. Watu wote wakiwa kwenye sala ya Ijumaa, alichukua panga akaenda njia ya Wesha. Mkarafuu mkubwa huwezi kuukata upesi, lakini ukiuchuna gome pande zote, ukauzungushia jeraha kama mkanda, umeuua. Utasimama miezi miwili mitatu ukikauka. Mkulima anajua hivyo, na Hamad alijua. Alianza upande wa mashariki, kwani ndiko njia inakoingilia.

Watu walipotoka sala wakasikia panga linalia. Tulikimbia sote. Tulimkuta kwenye mti wa kumi na tano, shati limelowa jasho, anapiga na kusema kwa kila pigo: "Ya mama. Ya mama." Moza alipiga ukelele nisioweza kuusimulia. Wanaume wakamkamata mikono.

Bakar akaja na Mzee Duni. Alitazama mti mmoja mmoja, akahesabu kwa kidole. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa koti lake akatoa karatasi iliyokwisha andikwa.

"Hamad," akasema, "hii uliyoichuna si yangu. Jumapili nilikuwa namkabidhi mkeo. Msomee, Mzee Duni."

Mzee Duni akasoma. Mikarafuu kumi na mitano, upande wa mashariki, ya Moza. Hamad alimtazama mkewe. Panga lilikuwa limeshachukuliwa, mikono yake ikawa mitupu.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua," Moza akasema. "Nilikuwa nahesabu siku. Zilibaki mbili."

Nikamwangukia Bakar miguuni, mimi niliyemchukia maisha yangu yote. Nikamwambia, Bwana, mpe basi ile ya magharibi, ile mizima. Akanitazama kwa utulivu, akamkabidhi Moza karatasi yake.

"Niliahidi ya mashariki," akasema. "Ya mashariki ndiyo hii."

Akaondoka. Lo, jamani! Kama kuna mtu anayetaka kujua kisasi kina sura gani, mimi nimeiona siku ile, na ilikuwa na tabasamu.

Hamad alifungwa miezi minne, kwa sababu siku ile miti ilikuwa bado ya Bakar kwa sheria. Tulipaka matope mikarafuu ile, tukaifunga magome ya migomba, tukamwagia maji. Kumi na mmoja ikakauka. Minne imeshika, haizai. Hamad ametoka jela na amerudi nyumbani, anasuka dema, na Moza anampikia. Hawachekani. Jana nilimwuliza mdogo wangu kama amemsamehe, akaniuliza yupi kati yetu.

FUNZO

Nimeandikiwa na Ame maneno haya, lakini ni yangu mwenyewe. Mnaonunua hisa, iwe za makonyo au za kitu chochote, bei za zamani ni jambo la kuheshimiwa. Zisomeni. Lakini zisomeni zote, si ile miaka mitatu inayokupendezeni, maana miaka mitatu itakwambia lolote unalotaka kusikia. Ukiona bei imepanda, uliza kwa nini imepanda. Uliza nani alikuwa ananunua na nani alikuwa na haja ya kuuza. Na ujue kampuni inahesabu siku zake kwa kalenda gani kabla hujapatana na mtu muda wa kulipa. Sisi tulisoma kwa mwezi mwandamo bei inayokwenda kwa karafuu, ndiyo maana tukapotea.

Hata hivyo kosa la mwezi lilikuwa na dawa. Siku kumi zilibaki, na muda tulipewa bure mbele ya shahidi. Kilichotuua ni kwamba Hamad hakutaka faida, alitaka kumwona Bakar analia, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Mtu akiingia sokoni na chuki hatazami ubao, anamtazama adui yake. Bakar alimwibia mjane, na Mungu atamwuliza. Sisi tulimwibia Moza, na hakuna aliyetutuma.

Kwa hiyo nakuombeni nyinyi wanawake wenzangu: mtu akija kwako na karatasi ya dhamana mkononi na jina la marehemu mdomoni, usitie dole. Na ukiwa weye ndiye dada, umekaa pembeni, usimwambie mdogo wako anyamaze.